Sura ya Saba: Hitilafu Inayomfuata Mtu

Tuchukue sacco yenye makao makuu Nakuru mjini na matawi Naivasha, Gilgil na Molo. Karani wa mikopo hufanya kazi Nakuru siku tatu za wiki, na siku mbili Molo. Jumatatu asubuhi anafungua Word aandike barua kwa mdhamini. Dirisha linatokea, linakwama kidogo, kisha linajifunga. Anajaribu tena, mambo ni yaleyale. Fundi anaitwa.

"Fundi, hii Word imejifunga tena."

"Ulibonyeza nini, madam?"

Fundi anaondoa Office yote na kuisakinisha upya. Haisaidii. Anabadilisha RAM, kisha anasakinisha Windows yenyewe upya. Jumatano programu bado inakufa. Alhamisi karani anafika Molo, na kompyuta ambayo wenzake wameitumia wiki nzima bila shida inamfanyia vilevile. Kufikia Ijumaa minong'ono imeanza kwamba mama huyu ana mkono wa kuharibu mashine.

Sacco hii ni ya mfano, lakini kisa chenyewe anakijua kila fundi aliyewahi kuhudumia ofisi yenye matawi, na kinaniuma kwa sababu anayelaumiwa ndiye asiye na kosa. Kuuliza "ulibonyeza nini" ni kumtwika mtu mzigo kabla ya uchunguzi kuanza. Swali la kwanza lingekuwa jingine kabisa: hitilafu hii inaifuata mashine, au inamfuata mtu?

Jibu lake hupatikana kwa dakika chache, bila kuondoa hata skrubu moja. Mwenzake aingie kwenye kompyuta ileile kwa akaunti yake mwenyewe, afungue Word. Kisha karani aingie kwenye kompyuta ya mwenzake, afungue Word. Ikiwa mwenzake anafanya kazi vizuri na karani anakwama kotekote, basi programu ni nzima na mashine ni nzima. Kilichoharibika ni profaili ya karani, na kwa kuwa ofisi imeamua profaili zisafiri, ubovu unaingia kazini pamoja naye popote anapoketi. Saa zote zilizotumika kusakinisha Office zimepotea bure, kwa sababu usakinishaji haugusi mahali palipo na ugonjwa.

Windows humtengea kila mtumiaji folda yake ndani ya C:\Users, nayo ndiyo profaili yake. Humo mna nyaraka zake, vitu vya eneo kazi, na folda iliyofichwa iitwayo AppData ambayo imegawanyika mara tatu: Local, LocalLow na Roaming. Kando ya hizo kuna faili moja, nayo imefichwa, yenye jina NTUSER.DAT. Faili hiyo ndiyo inayobeba tawi la mtumiaji katika rejista ya Windows: printa anayoitumia, mipangilio ya Word na Excel, viongezi alivyowasha, na maelfu ya maamuzi madogo ambayo programu huyasoma kila zinapofunguka. Programu ikisoma humo kitu kilichokatika katikati, au kinachotaja faili ambayo haipo, nyingine zitatoa onyo la heshima. Nyingi zitajifunga tu.

Uwezo wa kuifanya profaili isafiri umekuwamo tangu enzi za Windows NT katika miaka ya 1990, na Windows 2000 ilipoleta Active Directory, kazi ikawa ya kuandika mstari mmoja kwenye akaunti: folda ya mtu huyu iko kwenye seva fulani. Anapoingia, Windows hulinganisha nakala ya seva na iliyopo kwenye kompyuta, kisha hunakili kilicho kipya zaidi. Anapotoka, mabadiliko yake hurudishwa kwenye seva. Local na LocalLow hubaki kwenye kompyuta. Roaming na NTUSER.DAT husafiri. Ni kama sanduku la mwanafunzi wa bweni: kilichopakiwa siku ya kufunga shule ndicho kitakachofunguliwa upande wa pili, na kama chupa ya wino ilivuja ndani, madoa nayo yatasafiri.

Wazo hilo lilifaa jengo moja. Lilitarajia waya wenye kasi kati ya dawati na seva, stima isiyokatika, na wafanyakazi wanaotoka kwenye akaunti zao ndipo waondoke. Lakini ofisi za hapa zimetawanyika. Kaunti ya Nakuru ina kaunti ndogo 11, kuanzia Naivasha hadi Kuresoi. Serikali ya kaunti ilipoanza kazi mwaka wa 2013, ilirithi mabaraza yaliyokuwa yakijitegemea, Nakuru, Naivasha na Molo yakiwemo. Vyama vya ushirika, shule zenye kampasi zaidi ya moja na mashamba makubwa ya maua ya Naivasha yamepanuka kwa namna hiyohiyo: afisi moja kimaandishi, majengo mengi yaliyotengana kwa kilomita makumi. Mtu akihamishwa kutoka dawati moja hadi jingine, ni jambo la kawaida mpangilio wa profaili zinazosafiri kuachwa ulivyokuwa, ingawa sasa unavuka Bonde la Ufa.

Uharibifu mwingi huingia saa ya kutoka. Piga hesabu. Profaili ya gigabaiti 2 ni takriban megabiti 16,000. Kwenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde, kuinakili yote huchukua sekunde 1,600, karibu dakika 27, tena kama hakuna mwingine anayeitumia laini hiyo. Utasema kwamba kinachonakiliwa ni mabadiliko tu. Ni kweli, lakini kipimo cha mabadiliko ni faili nzima. Programu ya barua pepe ya Thunderbird huweka barua zake ndani ya Roaming, na kwa kawaida kikasha kizima huwa faili moja. Kikiwa cha gigabaiti moja, ujumbe mmoja mpya unatosha kuifanya gigabaiti nzima ibebwe upya jioni hiyo. Firefox nayo huweka humohumo hifadhidata zake za alamisho na historia.

Sasa ni saa kumi na moja jioni, skrini inasema subiri, na matatu ya mwisho ya bei nafuu kwenda Njoro inajaa. Mtu anabonyeza kitufe cha kuzima na kukishikilia mpaka skrini iwe nyeusi. Simlaumu, hakuna aliyemweleza kinachoendelea nyuma ya neno hilo "subiri". Lakini kwenye seva sasa kuna mchanganyiko: faili kadhaa za leo, nyingine za jana, na NTUSER.DAT ambayo huenda hailingani na yoyote kati yake. Ukifungua folda yake kwenye seva ukakuta vifaili vinavyoanza na herufi prf na kuishia na .tmp, hayo ni mabaki ya unakili uliokatizwa njiani.

Njia ya pili ya uharibifu ni ya kimyakimya zaidi. Jumatano jioni karani anafunga skrini ya Nakuru bila kutoka kwenye akaunti. Alhamisi na Ijumaa anafanya kazi Molo, anabadilisha mipangilio, anatoka vizuri. Jumatatu anafungua skrini ya Nakuru iliyokuwa ikimngoja, na jioni anatoka. NTUSER.DAT ya Nakuru sasa inakwenda kuifuta ile ya Molo. Faili nyingine za profaili hulinganishwa moja moja, lakini rejista ya mtumiaji ni faili moja, na anayetoka mwisho ndiye anayeshinda. Matokeo yake ni rejista isiyojua lolote kuhusu faili zilizoletwa kutoka Molo.

Laini dhaifu huongeza utata. Bila kubadilishwa, Windows huihesabu laini iliyo chini ya kilobiti 500 kwa sekunde kuwa ya polepole, ikaacha nakala ya seva na kumwingiza mtu kwa nakala iliyo kwenye kompyuta. Tawi la Molo laini ikilegea wiki nzima, karani anaishi maisha mawili, moja kwenye diski ya Molo na jingine kwenye seva ya Nakuru. Siku laini itakapopona, mawili hayo yatakutana.

Halafu kuna stima. Ijumaa tarehe 6 Septemba 2024, muda mfupi kabla ya saa tatu asubuhi, sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani baada ya laini ya kilovolti 220 kutoka Loiyangalani kukatika katika kituo cha Suswa. Fikiria saa yenyewe: ofisi zimefunguliwa punde tu, wafanyakazi wanaingia, profaili zinanakiliwa. Olkaria, karibu na Naivasha, imekuwa ikitoa umeme wa mvuke wa ardhini tangu 1981, lakini umeme huo unaingia kwenye gridi ya taifa, na gridi ikianguka, jirani wa mvuke anakaa gizani kama mwingine yeyote. Tena hizo ni siku zinazotajwa kwenye habari tu. Kuna pia jioni za mvua ndefu, radi zikipiga kuelekea Mau, stima inapoondoka na kurudi kabla hujawasha tochi ya simu.

Jibu la ofisi nyingi ni kununua UPS na kuifunga kwenye seva. Hatua hiyo haitoshi, na hapa nasisitiza. Seva ikiendelea kuwaka huku swichi ya mtandao imezimika, unakili unakatika vilevile. UPS ya pili, ndogo, kwenye kabati la swichi, ina faida kubwa kuliko bei yake. Hata hivyo stima isisingiziwe kila kitu. Windows huandika kando ya NTUSER.DAT kumbukumbu mbili, LOG1 na LOG2, ambazo huiwezesha kurekebisha rejista iliyokatizwa katikati ya kuandikwa. Kukatika kwa stima mara moja mara nyingi hakuachi kovu. Kinachoua ni mchanganyiko wa kukatika, haraka ya watu, na profaili nzito mno.

Baada ya jaribio la mtu na mashine, fungua daftari la matukio la Windows kwenye sehemu ya Application. Tukio namba 1000 litakutajia programu iliyokufa, moduli iliyohusika na msimbo wa kosa. Mara nyingi msimbo utakuwa 0xc0000005, maana yake programu ilijaribu kugusa eneo la kumbukumbu isiloruhusiwa. Mafundi wengi huishia hapo, wakaanza kutafuta msimbo huo mtandaoni, wakapotelea kwenye majibu elfu moja. Msimbo huo peke yake haukuambii chanzo. Rudi nyuma hadi saa ambayo mtu huyo aliingia au alitoka mara ya mwisho, usome ilichoandika huduma ya profaili za watumiaji.

Tukio 1504 linasema profaili haikuweza kurudishwa kamili kwenye seva. 1509 linataja faili fulani iliyokataa kunakiliwa. Angalia urefu wa njia yake, kwa sababu njia inayozidi herufi 260 ni sababu ya kawaida, hasa kwa watu wanaopenda kuipa folda jina la sentensi nzima. 1521 linasema nakala ya seva haikupatikana. 1508 linasema rejista ya mtumiaji haikuweza kufunguka, na ukiliona hilo, NTUSER.DAT ndiyo mshukiwa. 1530 linasema mtu alikuwa akitoka huku programu nyingine bado imeishikilia rejista yake. Mara kwa mara mshikaji ni antivairasi au kiendeshi cha printa.

La kuogopwa zaidi ni 1511. Windows imeshindwa kupata profaili, ikamwingiza mtu kwa profaili ya muda. Eneo kazi ni tupu, picha ya nyuma imebadilika, na mtu anaanza kazi akidhani faili zake "zitarudi". Kila atakachohifadhi kwenye profaili hiyo kitafutika atakapotoka. Anayepokea simu ya malalamiko hayo aseme jambo moja kabla ya mengine yote: usihifadhi chochote hapo ulipo, niko njiani.

Sasa matibabu. Naomba fundi asikimbilie kufuta. Ikiwa ni programu moja tu inayojifunga, anza na programu hiyo. Word ikiwashwa kwa amri winword /a hufunguka bila kiolezo cha kawaida wala viongezi. Ikikubali kwa njia hiyo, nenda AppData\Roaming\Microsoft\Templates, ubadilishe jina la Normal.dotm, Word itajitengenezea kingine. Excel na Outlook zina amri ya /safe, na kwa Excel tazama pia folda ya XLSTART, maana faili yoyote iliyo humo hufunguka yenyewe kila mara. Firefox ifungue kwa firefox -P, uiundie profaili mpya. Mara nyingi kazi huishia hapa, na mtu hapotezi chochote ila mipangilio michache.

Zikijifunga programu tatu au nne zisizohusiana, profaili nzima ijengwe upya. Kwanza uliza kuhusu usimbaji. Ndani ya Roaming kuna folda ya Microsoft\Protect yenye funguo zinazolinda nywila zilizohifadhiwa na vyeti vya mtumiaji. Kama mtu amesimba faili zake kwa EFS na ofisi haina wakala wa urejeshaji, kupoteza funguo hizo ni kuzipoteza faili zenyewe. Nakili kila kitu pembeni, ndipo uguse.

Kama seva ilikuwa ikitunza nakala za kivuli, rudisha profaili ya siku iliyotangulia tatizo na ujaribu. Kama haikuwa, mwambie mtumiaji atoke kwenye kompyuta zote, hakikisha kwenye seva kwamba hakuna faili yake iliyo wazi, kisha badilisha jina la folda yake ya seva: mwisho wa jina, .V6, uwe .V6.mbovu. Baada ya hapo futa nakala iliyo kwenye kompyuta, na uifute kupitia dirisha la mipangilio ya mfumo, sehemu ya profaili za watumiaji. Ukiifuta folda kwa mkono ndani ya C:\Users, ufunguo wake utabaki kwenye ProfileList katika rejista, na mtu ataingia tena kwa profaili ya muda.

Mtego mkubwa uko kwenye hatua hii, nao ndio unaowafanya mafundi hodari waamini kwamba tatizo lina pepo. Nakala ya Nakuru imefutwa, ya seva imebadilishwa jina, karani anafanya kazi kwa furaha siku tatu. Alhamisi anafika Molo. Kwenye diski ya Molo bado kuna nakala yake ya zamani, mbovu, ambayo hakuna aliyeikumbuka. Vipande vyake vinachanganyika na profaili mpya, jioni vinapanda kwenye seva, na Jumatatu Word inajifunga Nakuru. Kabla ya kuanza matibabu, andika orodha ya kila kompyuta aliyowahi kuingia, uzisafishe zote siku hiyohiyo. Kama Molo ni mbali, mpigie mtu wa huko simu, umwongoze hatua kwa hatua.

Kisha karani aingie mara moja, atoke, na wewe uthibitishe kwamba seva imezaa folda mpya. Mrudishie nyaraka, alamisho na sahihi zake za barua pepe zilizo kwenye Microsoft\Signatures. Usimrudishie AppData yote, na NTUSER.DAT usiiguse kabisa, vinginevyo utakuwa umeurudisha ugonjwa kwa mkono wako. Folda iliyopewa jina la .mbovu ina taarifa za wanachama na mikopo yao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazilinda hata zikiwa kwenye nakala mbovu. Iwekee ulinzi uleule, na uipangie siku ya kufutwa.

Maoni yangu kuhusu mfumo wenyewe hayajifichi: profaili za mtindo huu zisivuke kutoka mji hadi mji. Ndani ya jengo moja zinaweza kukaa, mradi ziwe nyepesi. Elekeza folda za nyaraka na eneo kazi zikae kwenye seva ya jengo hilo badala ya kubebwa. Hamisha barua ziwe kwenye seva ya barua. Tangu Windows 8 na Windows Server 2012 inawezekana kumtajia mtumiaji kompyuta zake kuu, ili profaili isafiri kati ya hizo tu. Kwa mtu anayezunguka matawi, hilo linapunguza hatari nyingi. FSLogix, ambayo Microsoft iliinunua mwaka wa 2018, huiweka profaili nzima ndani ya faili moja ya diski inayofunguliwa kupitia mtandao. Ni nzuri pale seva na eneo kazi vinapokaa chumba kimoja. Kwa laini inayolegea kila alasiri ya mvua, siishauri.

Na uongozi utoe dakika kumi za mwisho wa siku ziwe za kutoka kwenye kompyuta, zilipwe kama kazi nyingine yoyote. Hakuna programu itakayoziba pengo hilo ikiwa meneja mwenyewe anazima umeme wa ukutani saa kumi na moja kamili.

Jambo la mwisho lina haraka. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na ofisi zinanunua mashine za Windows 11. Wale waliotoka Windows 7 kwenda Windows 10 waliokolewa bila kujua: folda za zamani ziliishia na .V2 na mpya zikawa na tarakimu nyingine, kwa hiyo kila mtu alianza na profaili safi. Kutoka Windows 10 ya mwaka 2016 na kuendelea hadi Windows 11, tarakimu ni ileile, .V6, na profaili inapita kama ilivyo, ikiwa na kila kipande kilichovunjika ndani yake. Kabla mashine mpya hazijatolewa kwenye maboksi, pitia daftari za matukio za miezi iliyopita, uandike majina yanayorudi kwenye 1504, 1508 na 1530, na hao ndio wajengewe profaili upya kwanza, kwenye kompyuta walizonazo sasa.